Pale Ulipokuwa Ukizima Deki

Mama yangu,

Tangu ututoke, Baba hali tena mezani. Anachukua sahani yake anakaa kwenye zulia, karibu na mto wako.

Leo nina jambo lako. Wiki iliyopita ile filamu yetu ya Kifaransa ilionyeshwa sinema, hapa hapa Dubai, mtaani kwetu Deira, nyuma ya barabara ya Al Rigga. Ile ya msichana aliyevaa nguo za kiume, akachukua upanga kwenda kumtafuta aliyemuua baba yake. Nilipoona tangazo, Mama, nilishashika simu nikupigie.

Nikaenda peke yangu. Kanda yetu ya video ya nyumbani haikuwa na tafsiri hata ya neno moja, na wewe Kifaransa hukijui, lakini ulikuwa ukinitafsiria yote. Yule bwana wa masharubu akifoka, unasema, "Anamwambia, toka hapo we mtoto, utajikata!" Na msichana akishapanda farasi kurudi kwao, unazima deki. "Khalas. Keshafika kwa mama yake. Kasalimia, kala, kalala." Kila mara hivyo. Nikaamini ndipo inapoishia.

Haiishii pale. Safari hii kulikuwa na maandishi ya Kiarabu chini, nikasoma. Anafika kwao, mlango umefungwa. Jirani anamwambia mama yake kazikwa juzi. Anakaa kizingitini, upanga magotini. Basi.

Mwigizaji mwenyewe, yule msichana wa upanga, alikuwepo, kizee sasa, anatembelea mkongojo. Watu wakaruhusiwa kuuliza maswali. Nikasimama, nikamweleza habari zako na deki lako. Mkalimani alipomaliza, yule kizee akasema, "Mama yako alimfikisha nyumbani. Sisi hatukuweza."

Nilipomhadithia Baba, aliweka kikombe chini. Akaniambia filamu ile mliiona sinema kwanza, kabla sijazaliwa. Ulitoka haijaisha, pale jirani anapomwambia, ukalia barabarani, watu wanakutazama. Bibi, mama yako, alikuwa kafariki Unguja mwezi ule ule. Wewe mimba yangu ilikuwa kubwa, daktari kakukataza ndege. Hukumzika mama yako kwa ajili yangu, na hukunambia hata siku moja.

Ningekuuliza, Mama. Wallahi ningekuuliza. Miaka yote ile nimekaa ubavuni mwako nala bisi, nakwambia rudisha pale anapopigana... na wewe unarudisha. Sikuwahi hata kukuuliza Bibi alikuwa mtu wa namna gani, alikuwa akikuitaje. Leo maswali ninayo, wewe huna pa kunijibia.

Nimekata tiketi ya Unguja. Baba naye anakuja, kakubali jana. Nitalitafuta kaburi la Bibi, nilipalilie, nimwombee dua, kisha nimweleze kwa mdomo wangu kwamba binti yake alitaka kuja. Hilo nakuahidi.

Lala kwa amani, Mama. Na kama mmeshaonana na Bibi, nisalimie, umwambie mjukuu wake yuko njiani.

Mwanao,
Asya