Ujira wa Hodi

Jumatatu, 5 Mfungo Nne 1325

Nyumba tano leo. Mtaa wa Kibokoni tatu, mtaa wa Kuze mbili. Kila mlango ni mimi. Napiga hodi, najitaja, Mwanakombo binti Shee, nimekuja na Bibi Daktari wa misheni, hakuna mwanamume nyuma yetu. Hapo ndipo komeo huondoka. Bibi Daktari huingia akitabasamu, kana kwamba tabasamu lake ndilo lililofungua.

Kitwana hubaki mwisho wa kichochoro na punda wa sanduku la dawa. Kitwana ana mshahara. Punda ana pumba yake kila mwezi, imeandikwa. Mimi nina sabuni. Mwaka wa pili huu, kila Krismasi yao, vipande vitatu vya sabuni na shukrani. Punda hawajajaribu kumlisha shukrani.

Makuti ya paa langu yameoza. Masika yaliyopita nilikinga maji kwa sufuria sita. Tangu mume wangu afariki, hakuna wa kunipandia juu bure.

Jumatano, 7

Nimesema. Nimemwambia Bibi Daktari nataka ujira wa kila mwezi, kama Kitwana. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Kazi ya rehema, ati, haina bei. Alisema hivyo na mpishi wake anamngoja na chai. Ningemjibu ningeharibu. Akasema shauri atalipeleka kwa Bwana Msimamizi, mshika hazina wa hospitali yao.

Kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi, mtu mzima.

Jumamosi, 10

Bwana Msimamizi. Mtu mrefu, shingo nyekundu, ana methali tatu za Kiswahili na anazitembeza zote. Nilisimama. Kiti kilikuwapo, kimekaliwa na kofia yake. Akaniuliza kazi yangu hasa ni ipi. Nikamweleza. Akacheka. "Kupiga hodi si kazi, mama. Hata mtoto mdogo hupiga hodi." Kisha akanitolea methali, fadhila za punda ni mateke. Hajui kwamba punda wake hula kwanza.

Nimerudi nyumbani na hasira. Si fedha tu. Miaka miwili nimewatolea jina langu na la baba yangu kwenye milango ya watu. Wakifanya ovu humo ndani, nitakayeulizwa ni mimi. Na huyu anaona ni mchezo wa mtoto.

Haya. Kama si kazi, siifanyi.

Jumatatu, 12

Nimekwenda nao Kibokoni kama kawaida. Nimesimama mlangoni, ushungi nimeuteremsha, tambuu mdomoni. Hodi sikupiga. Bibi Daktari akanitazama. Nikamtazama. Akapiga hodi mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi.

Ndani mlikuwa na watu. Mtu alikuwa akitwanga, akanyamaza. Hodi ya pili. Hodi ya tatu. Mwenye adabu, hodi tatu zikikosa jibu, hugeuka akaenda zake. Yeye akapiga ya nne, akapiga ya tano, akagonga na kwa mwavuli. Nilimwonea haya, halafu nikaona raha. Nyumba tano, na hakuna mlango uliofunguka. Jua lilimbabua pua.

Kitwana alikuwa akimfungua punda kamba. Akaniambia polepole, "Dada, utawaua hawa kwa jua." Nikamwambia si walisema hodi si kazi.

Alhamisi, 15

Mambo yameharibika. Mwana Halima wa Kuze amejifungua tangu Jumanne, sasa ana homa na hamtambui mtu. Mamake alinijia alfajiri, miguu mitupu. Habari ya ujira wangu haijui, wala hapaswi kuijua. Ningefanyaje? Nilikwenda kumwita Bibi Daktari, nikapiga hodi, nikamwingiza. Nikamshikia taa na kumfasiria maneno mpaka adhuhuri.

Kazi yake anaijua, hilo simnyimi. Alipiga magoti kwenye udongo kama sisi. Inaniudhi kwamba ni mwema.

Ijumaa, 16

Homa ya Halima imeshuka, alhamdulillahi. Na Bwana Msimamizi ameniletea salamu kwa kinywa cha Kitwana. Ameona sasa kwamba moyo wangu unaijua kazi ya rehema, kwa hivyo shauri la ujira limekwisha.

Nimelia. Kisha nikaona aibu kumlilia mjinga. Hodi ile nilimpa mgonjwa, yeye anadhani ameiokota.

Sitoki tena. Mgonjwa asiyeweza, mamake anijie, nitakwenda. Misheni, la.

Jumanne, 20

Siku ya nne nyumbani. Pia naogopa masika, niandike kweli. Muuza makuti alipita kuuliza kama nachukua. Nikamwambia bado. Akatazama juu ya paa, akatazama mbinguni, akaenda.

Alhamisi, 22

Baada ya alasiri, sauti nje.

"Hodi."

Yake, Bibi Daktari. Si ile ya kuita mbuzi. Nilikuwa nachagua mchele. Nikaendelea kuchagua.

"Hodi."

Akangoja. Kweli alingoja, nilikisikia kiatu chake kikikwaruza jiwe mara moja tu. Nikajiambia, akigonga kwa mwavuli, basi, yamekwisha, na paa na lioze.

"Hodi. Ni mimi, Meri binti Tomasi. Niko peke yangu."

Miaka miwili, na jina la babake sikuwahi kulisikia. Nikasema karibu.

Kahawa sikumpa mpaka alipomaliza. Nitalipwa kila mwezi, sawa na Kitwana, na mwezi wa kwanza ameuleta mkononi. Bwana alikataa siku tatu. Siku ya nne Bibi Daktari akamwambia, kama hodi ni mchezo wa mtoto, kesho aje yeye apige. Hakuja. Hapo kidogo nilimpenda yule mwanamke. Kidogo.

Wasingoje niwashukuru. Haki imewachukua miaka miwili, na isingekuwa jua lile la Kibokoni wangechukua kumi.

Jumatatu, 24 Mfungo Tano

Paa jipya tangu juma lililopita. Kitwana huzisoma herufi zao. Anasema katika daftari la Bwana hakuna mahali pa hodi, kwa hivyo nimeandikwa mstari mmoja na pumba ya punda. Alidhani nitakasirika. Nilicheka. Pale hospitalini punda ndiye peke yake asiyenitolea methali. Nimempelekea maganda ya ndizi.

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Sufuria zote ziko jikoni. Nimengoja ipungue, nikajitanda, nikaenda Kibokoni, nyumba ya kwanza. Nikapiga hodi.