Mbuzi Ndani ya Wimbo

Mjukuu wangu Deo, mume wangu,

Marahaba! Huku Malangali tu wazima, na mama yako mdogo kajifungua wa kike.

Umeniuliza nataka unipakulie wimbo gani. Wangu haupo huko mtandaoni!

Nikiwa msichana niliazima rekoda ya mjomba, nikaiweka mbele ya redio, nikasubiri wimbo nilioupenda. Ulipoanza, nikawanyamazisha wote nyumbani. Katikati, mama akapiga kelele uani: "Nyie! Mbuzi wanamaliza ulezi!" Ikaingia yote kwenye kaseti. Nililia kwa hasira.

Juzi nimeikuta kaseti ile sandukuni. Nikakimbilia kwa fundi Milanzi, akauhamishia wimbo kwenye simu yangu. Akauliza, "Bibi, hizi kelele nizikate?" Nikamwambia, "Thubutu!" Mama hakuacha hata picha moja, Deo, kumbe sauti yake ninayo! Nimerudi na bodaboda nikiisikiliza njia nzima, dereva anacheka.

Nakutumia sasa hivi, uuweke pamoja na nyimbo zako. Wimbo wenyewe wa kawaida tu. Ukifika pale kwenye mbuzi, ongeza sauti.

Bibi yako,
Skolastika