Maji Matupu kwa Kuku Wako

Shangazi yangu,

Kuku wako wazima. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kabla ya kuuliza kama mimi mwenyewe mzima. Hakimu, yule tetea wako wa madoadoa anayemdonoa kila apitaye mlangoni, ameangua vifaranga tena. Banda ni lile lile ulilolisimamisha juu ya nguzo baada ya mafuriko kutuhamisha kutoka Kilelengwani na kutuleta hapa Garsen. Nimemaliza mitihani ya mwisho chuoni, nalala chumbani mwako. Nimeridhika, Shangazi. Sikutarajia kuliandika neno hilo mapema hivi.

Unaikumbuka desturi yetu. Kuku akianza kuinamisha shingo, ulifungua kapsuli ya rangi mbili, ile dawa ya kuua bakteria tuliyoibakiza tulipougua sisi, ukaukung'uta unga wake katika maji ya kundi zima. Jua likifika utosini naye hajainua kichwa, ulimwahi kwa kisu asije akawa mzoga, na jioni tulimla kwa wali. Paja lilikuwa langu. Kila boma lilifanya hivyo, na kwa desturi hiyo nilinenepa.

Kisha tumbo likakushika. Rangi mbili haikufua dafu. Hospitalini walikupa dawa nyingine, nayo ikagonga mwamba, na ilipopatikana ile yenye nguvu, mwili wako ulikuwa umechoka kusubiri. Daktari alinieleza kwamba bakteria waliokuwa tumboni mwako walikuwa wamejenga usugu. Dawa tulizozitegemea hawakuziogopa tena. Baadaye nilikipima kinyesi cha kuku wako katika maabara ya chuo, nikakuta bakteria wa aina hiyo hiyo, sugu kwa dawa zile zile. Je, kuku ndio waliokuambukiza, au ni sisi tuliowaambukiza wao? Siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba tulikuwa tukiwapa adui zetu hao mazoezi ya kuishinda dawa, katika chombo cha maji ya kuku.

Unanijua. Mtu aliyefunga lango la chuo kudai maji ya mabweni angelinyamazia hili? Matanga hayajaanuliwa, nikasimama mbele ya kikundi chako cha akina mama wafugaji, nikanguruma. Ni nani aliyeruhusu kapsuli ziuzwe kama njugu? Ni nani aliyekubali silaha ya mgonjwa iwe kiungo cha maji ya kuku? Walinisikiliza kwa adabu ya msibani. Halafu Mama Dhadho, rafiki yako uliyegombana naye kila siku ya soko, akakaza leso yake na kusema: "Mwanangu, maneno unayo. Na kuku shangazi yako amekuachia. Wafuge bila rangi mbili mpaka kideri kipite, tuone."

Wakaangua kicheko. Lakini ulikuwa mtihani wa haki. Kideri ndicho kinachofagia mabanda yetu, na kama kingewamaliza kuku wako, hakuna mama ambaye angenisikiliza tena, na kifo chako kisingemfunza mtu lolote. Kwa hiyo hotuba nikaziweka kando. Nilisugua vyombo vya maji kwa mchanga wa mtoni, nikatandaza makapi makavu ya mpunga, nikamtenga kila kuku aliyeinama. Afisa wa mifugo alinionyesha namna ya kudondosha chanjo jichoni, tone moja kwa kila kuku, maana kideri ni virusi, na kapsuli haina uwezo wowote juu ya virusi. Hakimu alinichana mkono. Nikamwambia ana haki ya kupinga, ila si leo.

Kideri kikaja. Nilisikia mabanda ya majirani yakinyamaza, moja baada ya jingine. Kwa Mama Dhadho maji ya kuku yalikuwa manjano kwa unga wa rangi mbili, na kuku walikufa wakiyanywa. Wako waliendelea kuwika. Sikushangilia, Shangazi, nani ashangilie mbele ya mama anayefukia kuku wake? Alikuja mwenyewe, akainamia chombo cha Hakimu, akachota kwa kiganja, akanusa. "Haya ni maji matupu," akasema. Kisha akaniomba vifaranga, akauliza chanjo ni lini.

Siku hizi tunachanja pamoja, kikundi kizima, nao wananiita Daktari wa Matone. Kuku mgonjwa haliwi tena, anafukiwa. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote, kwani ni nani hapa aliyezoea kutupa nyama? Duka la dawa bado linauza kapsuli bila karatasi ya daktari. Kwa hilo sijaridhika wala sitaridhika.

Uliwahi kuniambia, "Wewe hata ukifa utainuka uwahutubie waliokuja kukuzika." Siku tuliyokuzika wewe waliniita niseme, na sauti ikakataa. Nilibaki na udongo mkononi. Basi hotuba yangu ndiyo hii, nayo ni fupi: dawa ya mgonjwa nitaipigania ibaki kwa mgonjwa, na kuku wako, maadamu nipo, watakunywa maji matupu.

Lala, Shangazi. Hakimu anadonoa mlango. Chombo chake kimekauka.

Mwanao wa maneno mengi