Dola Yako Nyekundu, Kaka Kibwana

Kaka yangu Kibwana, mtoto wa mama yangu,

Shikamoo huko uliko. Mimi mzima, ila magoti ndiyo yananitesa kwenye ule mteremko wa kisimani. Anayeniandikia ni mkwe wangu, na ameshaniambia nisizunguke sana, wino mdogo. Nimemwambia aandike tu. Nina kinyaa kimenijaa hapa kifuani, nikikimeza kitaniua. Bora nikitemee kwako, wewe umenizoea.

Ni ile dola yako.

Unakumbuka ulivyorudi nayo? Ulikuwa kijana, unachimba ulanga, yale mawe ya kumetameta, kule mlimani, jioni mnashuka mnameta mwili mzima kama mmepakwa magamba ya samaki. Yule Mmarekani aliyekuwa ananunua ulanga akateguka mguu kwenye utelezi, ukambeba mgongoni mpaka barabarani Mkuyuni. Jitu zito kama gunia la chumvi lililolowa. Akakupa noti ya dola tano. Mwaka wa Uhuru ule. Mama akainusa, akasema, "Inanuka duka." Mpya, ukiikunja inalia. Mzee wa ndevu katikati, na ubavuni muhuri mwekundu kama damu ya kuku.

"Siitumii," ulisema. "Nikizeeka nitawaonyesha watu kwamba nilimbeba mtu wa ng'ambo."

Ukaivingirisha kwenye jani la tumbaku, ukaisokomeza ndani ya mwanzi wa darini. Ikakaa humo miaka yote ile ya foleni za sukari, enzi ambazo ukikutwa na pesa ya kigeni unalala ndani. Mimi napika huku nauangalia ule mwanzi. Kila polisi akipita barabarani nasema leo tumekwisha, kumbe mwenzetu anatafuta pombe tu.

Halafu wakafungua nchi. Mitumba ikaja, maredio yakaja, na pale mjini yakafunguliwa maduka ya kubadilisha pesa, vioo na vijana wa tai. Ukasema, "Dada, sasa imetoka kifungoni. Nisindikize." Hukwenda kwa shida. Ulitaka tu kumsikia mtu wa dirishani akisema, hii ni dola. Ukavaa kanzu ya Idi.

Yule kijana hata shikamoo hakukupa. Kinyaa changu kinaanzia hapo hapo.

"Babu, dola ina muhuri wa kijani. Hii yako umeipaka hina?"

Foleni nzima ikacheka. Wewe kwa upole, "Mwanangu, nilipewa na Mmarekani mwenyewe, mwaka wa Uhuru, ikiwa mpya."

"Mwaka wa Uhuru?" Akaiinua kwenye taa. "Mbona imeandikwa hamsini na tatu? Pesa itembee miaka yote hiyo ibaki mpya? Hata kudanganya kuna shule, babu."

Akachukua kalamu ya bluu, akachora msalaba juu ya zile ndevu. Akakurudishia chini ya kioo, ameishika kwa vidole viwili kama mkia wa panya aliyekufa.

Ukaitia mfukoni mwa kanzu, tukarudi. Na sisi hatujafika Mkuyuni, habari imefika. Wale wauza ndizi pale sokoni: "Mzee Dola, una chenji?" Ukawa unacheka nao. Nakujua, kile hakikuwa kicheko, ulikuwa unaonyesha meno.

Hayo yangepita. Lililonichefua ni baraza la shamba la bibi, lile la migomba pale mtoni. Kwetu Waluguru shamba ni la ukoo wa mama, na mwenye kujua mpaka ni mjomba. Wewe ndiye uliyekuwa mjomba. Ukasimama, ukasema mpaka unatoka kwenye jiwe jeupe unashuka mpaka kwenye mtini, kama alivyokuonyesha mjomba wetu ukiwa mtoto. Mkude jirani, aliyekuwa anadai shamba ni lake na ameshalipatia mteja wa mjini, hata hakuinuka.

"Huyu wa dola ya bandia ndiye atuonyeshe mpaka? Na huo mpaka si ameupaka hina?"

Wakacheka wazee wazima. Neno lako likaishia hapo, na shamba likaishia hapo. Tangu siku hiyo ukawa unakaa mwisho wa jamvi, ukiulizwa jambo unasema, "Waulizeni wengine." Na masika yaliyofuata ukafa. Daktari alisema kifua. Mimi najua ni kile kicheko.

Sasa sikiliza. Juzi nilikwenda mjini kununua kanga, kwa yule mzee Jivani, Mhindi wa duka la vitambaa. Nikafungua pindo nimlipe, na ile noti yako ikatoka pamoja na shilingi zangu, maana baada ya kukuzika niliitoa mwanzini nikawa natembea nayo. Jivani akarukia miwani.

"Mama, hii umeipata wapi?"

"Kama unacheka, cheka haraka. Nina safari."

Hakucheka. Akatoa chini ya meza kitabu cha plastiki, kumbe ni mkusanyaji wa pesa za zamani. Akanionyesha mzee wa ndevu yule yule, huyu muhuri wa kijani, huyu wa bluu, huyu mwekundu kama wako. "Wote wa kweli, mama. Ni aina tu zilikuwa mbalimbali, na kwao hakuna hata moja iliyofutwa."

"Na huu mwaka?"

"Mwaka siyo wa kuzaliwa karatasi, ni wa mchoro. Wanachora mara moja, halafu wanachapa mchoro huo huo miaka na miaka. Wakibadilisha mtia saini tu, wanaongeza kiherufi hapa pembeni. Angalia, A. Mwaka wanauacha palepale."

Kaka, nilikaa juu ya robota la vitambaa. Nikamwambia, kumbe kama kanga! Nimevaa kanga ya mchoro wa korosho hii hii aliyofunikwa nayo mama kwenye jeneza. Wanachezea pindo kidogo, mchoro ule ule mpaka leo. Sasa aje mtu aniambie nimeifukua kaburini! Mtoto wa tai hakujua jambo ambalo kila mwanamke wa Mkuyuni analo kiunoni.

Jivani naye asikupumbaze. "Bila msalaba huu wa kalamu ningekupa bei nzuri," anasema, "wakusanyaji hawataki kalamu." Nikamwambia siuzi. Akaniambia sasa zimekuja dola mpya za vichwa vikubwa, na yale yale madirisha yanazinyanyapaa zenye vichwa vidogo. Ptu! Pesa inachaguliwa kwa kichwa kama kambale sokoni, na watu wanaita maendeleo.

Tulipokusomea hitima ya mwaka huu nikamwalika, akaja na pikapu yake. Usimsifu, alikuja kuuliza nani mwingine ameficha pesa za zamani. Lakini kitabu alikuja nacho. Baada ya dua, kabla ya pilau, nikasema hakuna kula. Nikakipitisha kitabu mkono kwa mkono na noti yako juu yake, na kila mpwa wako aliyekuwa akiona aibu kutajwa kwa jina lako akatamka mbele ya watu: "Mjomba alisema kweli." Mmoja alitamka akilia. Mwingine alitamka huku anachungulia sufuria, mwanaharamu yule.

Mkude naye alikuwepo. Harufu ya pilau inamtoa hata kaburini. Kitabu kikamfikia, akatazama, akatazama tena. Akasogea nilipokaa, akaninyooshea mkono.

"Dada, pole. Mimi sikujua."

"Na shamba?"

Akaangalia jamvi. Shamba ameshaliuza, mtu wa mjini amepanda miti ya mbao, na jiwe letu jeupe liko ndani ya uzio wake, kila mtu analiona. Ule mkono ulikuwa bado umeninyookea. Nikaushika kwa vidole viwili, nikamrudishia juu ya goti lake.

Lala, kaka. Noti yako iko mwanzini, kwenye jani jipya la tumbaku.

Dada yako wa ziwa moja