Karatasi Iliyokuwa Ndani ya Kofia ya Baba

Hamriya, Maskati
14 Februari 2025

Mpendwa ndugu yangu Yaqoob,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, isipokuwa goti langu, nalo limeshazoea kulalamika. Wewe je, kifua kimetulia? Zakiya bado anakuficha sukari? Afadhali.

Nna habari ya mpwao Kawthar. Unaijua programu yake ya simu: mteja hupanga maua ya kofia kwenye skrini, na mshonaji akapata mchoro tayari. Mwezi wa kumi kampuni moja ya nje ilimtaka aifunge. Wanasema wana hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, na kwamba hataza hiyo inawapa haki juu ya kila programu ya kupanga nakshi kwenye skrini na kuipeleka kwa fundi. Viatu, mazulia, kofia, vyote vyao. Siku hiyo niliunguza wali kwa hasira.

Kawthar hakulia. Alisoma makaratasi yao yote, kwa utulivu ambao sijui kaurithi kwa nani. Akanieleza kuwa hataza huvunjika ukithibitisha kwamba jambo lilikuwa likifanywa hadharani kabla wao hawajaiomba. Wao waliomba mwaka 2009.

Ndipo nikaikumbuka kompyuta yako ya dukani, ulivyokuwa ukiwachagulisha wateja maua kwenye skrini kwa programu yako na kuwachapia washonaji michoro. Kompyuta tulishaitupa zamani. Lakini unajua kofia ikishafuliwa na kutiwa wanga tunavyoijaza karatasi isipoteze umbo. Nikafungua sanduku la marehemu baba, nikaitoa kofia yake ya Idi. Ndani mna mchoro wako: maua, jina la mteja, jina la mshonaji, na chini tarehe, 3 Machi 1996. Nililia pale pale sakafuni.

Kawthar akawapelekea nakala. Wakajibu kwamba watamwacha, mradi karatasi asimwonyeshe mtu. Mimi nikamwambia atie saini tupumzike. Akaniuliza, "Na mwengine asiyekuwa na kofia ya babu yake, mama, afanyeje?"

Amekataa, anataka hataza yenyewe ifutwe, na akishindwa atafunga kazi yake yote. Namwogopea, lakini namwonea fahari kuliko ninavyoweza kuandika.

Anahitaji kiapo chako kwamba programu ile uliitunga wewe na watu waliitumia. Miaka yote umeiita mchezo tu. Nakusihi, mbele ya mwanasheria usiiite hivyo.

Msalimie sana Zakiya, na Badr umbusu. Asaad wangu anakusalimu. Mola akupe umri na afya, aushike mkono wako unapotia saini.

Karatasi yako iko kwa mwanasheria. Kofia ya baba nimeijaza nakala ya barua ya kampuni ile.

Dada yako akupendaye na kukustahi,
Shariffa