Marahaba Isiyosubiri Maji

Baba,

Tumeshinda. Naanzia mwisho kwa sababu hukuwa na subira na hadithi zangu, nikianza mbali ulikuwa unauliza, "Sasa ikawaje?" Ikawa hivi: wapuliza salfa wa kijijini kwetu Mkunya, wanaoipulizia mikorosho ule unga wa njano wa dawa, wameandikwa kwenye ripoti ya kampuni, ukurasa mzima, na aliyewaandika ni mimi, Somoe wako.

Ulipofariki nilikuwa ndiyo kwanza nimeajiriwa hapa Masasi. Nilikuwa nimeshakueleza kuwa kazi yangu ni ripoti ya uendelevu: kampuni inayonunua korosho inaeleza hadharani, kwa kufuata miongozo ya kimataifa, inavyoitendea ardhi, maji na watu, si faida peke yake. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema, "Yaani unalipwa kuwasema mabosi wako?" Kumbe ndiyo kazi yenyewe, Baba.

Rasimu ya kwanza ilijaa miche tuliyopanda na umeme wa jua. Watu waliotajwa walikuwa wa ndani ya geti tu. Niliposema tuwaweke wapuliza salfa, meneja alinijibu kwa upole kwamba hao ni vibarua wa wakulima, si wetu. Nikamwonyesha kuwa miongozo inauliza habari za kila anayeumia njiani, tangu korosho ikiwa mtini. Akasema tutaona. Unaijua "tutaona" ya wakubwa.

Nilirudi chumbani kwangu Mkomaindo nimenuna, nikakukumbuka. Ulikuwa unatoka shambani asubuhi, mashine mgongoni, kanga ya Mama mdomoni, nyusi za njano. Nakuamkia, nawe unainua mkono nisubiri, maana koo limekauka kwa salfa. Unasukutua maji, unakohoa, unasukutua tena, ndipo inatoka marahaba, imekwaruzika. Nilidhani akina baba wote huitikia hivyo. Mpaka leo nina hasira.

Basi wakaja wakaguzi wa nje kuihakiki ripoti, wakauliza ni nani anayepulizia mikorosho. Nikawapeleka Mkunya alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, na meneja nikamkokota. Upepo ukageuka ukatuletea vumbi lote. Laiti ungemwona, Baba. Ile tai aliyowavalia wageni kaivua, kajifunga mdomoni kama wewe na kanga yako. Alikohoa njia nzima mpaka Masasi. Tuliposhuka kwenye gari akaniambia, sauti imekwaruzika, "Waandike."

Nimewaandika. Macho, vifua, yote, na chini yake ahadi ya kampuni: barakoa na miwani kwa kila mpulizaji, na kupimwa kifua kila msimu. Ahadi imeshachapishwa, na wanunuzi wa ng'ambo wataiulizia, kwa hiyo haifutiki kimyakimya.

Juzi nilikwenda kuwaona. Baba Zuhura, yule mwenzako wa kupulizia, alitokea kwenye mikorosho na barakoa yake mpya ya kampuni. Nikamwamkia kwa mbali, nikasimama kusubiri kama nilivyozoea. Akaivua.

"Marahaba, mama. Mbona umesimama huko?"

Sauti safi, Baba. Nililia mbele za watu na wala sikuona haya.

Nakuahidi kila ripoti nitarudi Mkunya kuangalia kama barakoa bado zipo, na unajua nilivyo king'ang'anizi. Lala salama.

Shikamoo, Baba. Sukutua taratibu, nasubiri.

Somoe