Radhi Anayoitaka Kaka Shee

Kwa ndugu yangu Athmani, mtoto wa mama yangu,

Assalamu alaykum. Natumai jicho lililopasuliwa limepona na goti la mkeo limetulia. Mimi figo zimechoka, na madaktari wa huku Uingereza wameacha kunificha. Mpe mwanao Amina akusomee barua hii.

Uliniambia kwenye simu kwamba Kaka Shee, ndugu yetu wa baba, yu kitandani Kismayo na anataka radhi yangu kabla mmoja wetu hajatangulia. Ukasema, "Dada, msamehe, ni mzee." Hukujua unaniomba nini.

Ulikuwa ungali unanyonya. Baba akisafiri, Kaka Shee ndiye aliyetutawala pale Koyama. Nikimuudhi alinichapa, akanitia katika birika kavu la maji ya mvua na kulifunika. Humo gizani nilijifunza kuondoka. Mwili ulibaki, mimi sikuwapo. Alibaki mwingine.

Mwingine huyo alipoanza kusema nyumbani kwa sauti nzito, mama alimwita bibi fundi wa pepo. Wakanifunika shuka, wakafukiza ubani, na bibi akauliza kama ilivyo desturi:

"Ewe, jina lako nani? Wataka nini?"

"Mimi Mlinzi. Huyo Shee amfungia mtoto birikani. Mwondoeni yeye."

Kaka Shee akacheka. "Huyu si mchu anayesema, ni pepo. Na pepo tangu lini akasema kweli?"

Wote wakakubali, maana pepo ni mwongo. Yeye mwenyewe akanishika kichwa juu ya chetezo mpaka sauti ile ikanyamaza.

Mama ndiye aliyenisimulia kikao hicho, mwaka aliofariki. Mimi sikukumbuka. Nilisoma, nikawa mwalimu Kismayo, nikijua tu kwamba siku zangu zina matundu. Wanafunzi walinishukuru kwa masomo nisiyokumbuka kuyafundisha. Nilinyamaza, nisije nikapungwa pepo.

Huku uzeeni, daktari amenieleza kuwa haya ni maradhi ya nafsi kutengana. Si pepo, wala si wazimu. Mtoto akiumizwa mno, nafsi yake haipati kuungana ikawa moja. Wale wengine huitwa sehemu. Mimi ninayeishi siku nyingi ndiye mwenyeji. Mmoja akimpisha mwenzake, huko ni kubadilishana, na siku zilizopotea ni mapengo ya kumbukumbu. Ubani, ambao hata leo hunikunja chini ya meza nikilia kitoto, ni kichocheo.

Nilimwuliza, "Nitawatoa vipi?"

"Huwatoi, mama. Ni wewe hao. Wasikilize."

Nimewasikiliza. Sasa Amina asome hapa kwa sauti, kitandani kwa Kaka Shee, wanawe na wajukuu wakiwapo: Shee, yule hakuwa pepo, na alisema kweli. Ulijua. Ndiyo sababu hukumwachia fundi kazi ya chetezo.

Athmani, thawabu ya kusamehe naijua; nimeifundisha. Mimi mwenyeji ningeweza kusamehe, kwa kuwa sikuwamo birikani. Lakini radhi ni ya waliokuwamo, nami nimewauliza. Yule mtoto wa birikani hataki hata kulisikia jina la Shee. Mlinzi amesema aende bila radhi, watakutana mbele ya Mola, pasipo shuka wala moshi. Nami nimekubaliana naye, na moyo wangu umefurahi.

Msalimie mkeo, na Amina msomaji wetu, na binti wa shangazi aliye Chovae. Kaka Shee usimsalimie.

Ni mimi dada yako Mwanaesha, na wenzangu.